Nilivyobadilisha sampu ya oili ya Electra Glide yangu kwa ajili ya joto la Phoenix

Mke wangu ndiye aliyenifanya nianze kupima. Ilikuwa Julai 2023, hapa Phoenix, Arizona, kiangazi ambacho mji huu ulipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 za Selsiasi au kuzidi. Tulikuwa tunarudi kutoka kwa rafiki, saa mbili usiku, lami bado inatoa mvuke wa mchana, tukawa tunasimama kila taa nyekundu. Akanishika bega akasema, "Baba Zuhura, mguu wangu unaungua." Tulipofika nyumbani akapandisha suruali. Kwenye shavu la mguu wa kulia palikuwa na wekundu wa upana wa kiganja, na alikuwa amevaa jinzi nzito.

Pikipiki yenyewe ni Harley-Davidson Electra Glide ya mwaka 2004, injini ya Twin Cam 88, yaani cc 1,450. Haina rejeta ya maji. Silinda zake mbili zimekaa moja mbele, moja nyuma, zikiachana kwa pembe ya nyuzi 45. Ya mbele inakutana na upepo mbichi, ya nyuma inapata ule uliokwisha kupashwa moto na mwenzake, tena ndiyo iliyo karibu na miguu ya mwendeshaji na abiria. Mimi pikipiki nilijifunzia Korogwe kwenye Boxer ya kaka yangu, na kwa hiyo jambo la injini kupozwa na mwendo nililijua tangu utoto. Lakini Boxer ina silinda moja ndogo iliyo wazi mbele ya upepo. Hili lidude la kilo zaidi ya 350 likisimama kwenye foleni na jua la Arizona juu yake, kitu pekee kinachoendelea kubeba joto ni oili.

Hapo ndipo nilipoanza kuiwaza oili kwa namna nyingine. Kwenye injini hii oili inalainisha, na pia inarushwa na vijineli vidogo chini ya pistoni ili kuzipoza, kisha inavutwa na pampu na kurudishwa kwenye sampu, ambalo ni kama sinia la alumini lililofungwa chini ya gia boksi. Pale ndipo inapopumzika kidogo kabla ya kupelekwa tena. Sampu ya kiwandani inakaa lita 3.8 hivi. Ikiwa kile kidogo kinachopumzika hakipati muda wa kupoa, kinarudi juu kikiwa na moto wake.

Sikutaka kununua kitu kwa kusikia. Nikanunua kwanza kijiti cha kupimia oili chenye saa ya joto juu yake, nikakifunga mahali pa kile cha zamani, na kwa wiki tano nikawa naandika kwenye daftari kila safari: joto la nje, mwendo, dakika, joto la oili. Barabara tambarare kwa kilomita 110 kwa saa, nje ikiwa 41, oili ilikaa kwenye 116. Nikipanda barabara kuu ya I-17 kuelekea Flagstaff, ule mlima wa baada ya Black Canyon City ambako kuna vibao vinavyowaambia wenye magari wazime viyoyozi injini zisichemke, ilifika 131. Kwenye foleni ya mjini ilifika 134, nikazima injini mwenyewe kwa kuogopa. Saa ya presha nayo ilikuwa inasema jambo lake: barabarani sindano ilisimama kwenye psi 35, lakini nikisimama na oili imechemka ilishuka mpaka 7, na tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, zikaanza kugonga, ka-ka-ka-ka, mlio mkavu unaousikia hata ukiwa na helmeti kichwani. Oili ya 20W-50 inapokuwa nyepesi namna ile, presha inapungua, na tapeti hizi zinajazwa kwa presha hiyohiyo.

Njia zilikuwa tatu. Rejeta ndogo ya oili mbele ya fremu, feni ya pembeni ya silinda, au sampu kubwa yenye mapezi. Rejeta ya oili ni kitu kizuri, sikatai. Ila kwenye injini hii oili inapita ndani kwa ndani, kutoka kwenye injini kupitia bodi ya gia boksi mpaka kwenye sampu, bila mpira wa nje hata mmoja. Kufunga rejeta ni kuongeza mipira miwili na viungio vinne ambavyo siku moja vinaweza kuvuja jangwani, kilomita 60 kutoka kwenye kituo cha mafuta. Nikachagua sampu. Ile niliyoagiza inabeba karibu lita moja zaidi na chini yake ina mapezi marefu yanayokaa kwenye upepo. Pamoja na gasketi nililipa dola 430.

Kuna mzee mmoja wa Bukavu anayetengeneza pikipiki hapa mjini, fundi wa miaka mingi. Nilimpelekea sampu mpya kwenye boksi, nikijua ataisifu. Aliigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mapezi, akaniambia, "Iko muzuri, mudogo. Lakini ile ya zamani, mbele ya kuosha, angalia ndani yake. Mafuta inakuwaka na habari ya moteri yote." Nikaitikia kwa heshima, na nusura nisahau.

Kazi niliifanya mwenyewe Novemba, gereji ya nyumbani, hali ya hewa ikiwa imepoa. Jambo la kwanza ambalo mtu asipolijua ataumia: sampu hii ina plagi mbili za kumwagia, moja ya oili ya injini, nyingine ya oili ya gia boksi, kwa sababu sampu hiyohiyo ndiyo sakafu ya gia boksi. Nawajua watu wawili waliomwaga oili ya gia wakidhani ni ya injini, kisha wakaongeza oili kwenye injini ambayo tayari ilikuwa imejaa. Ukishusha sampu lazima umwage zote mbili. Nikazimwaga zikiwa na uvuguvugu, nikaziacha usiku kucha zichuruzike.

Ekzosi ilitoka asubuhi. Boliti za sampu ni nyingi na fupi, na zilifunguka vizuri isipokuwa moja ya kona ya nyuma. Aliyekuwa na pikipiki kabla yangu aliikaza kwa nguvu za hasira. Ilitoka na uzi wa alumini umejizungusha juu yake kama waya. Nikakaa chini kwenye sakafu nikaiangalia kwa muda. Ilibidi nitoboe, nichonge uzi upya na kufunga kizibo cha uzi wa chuma, kazi ya saa tatu kwa tundu moja. Kisha sampu ikashuka, ingawa kuitoa katikati ya mabomba ya fremu kunahitaji kuipindua pindua kwa subira, usiilazimishe.

Nilikuwa tayari nimeshika tambara lenye petroli ndipo nikakumbuka maneno ya mzee. Nikawasha tochi. Chini kabisa, kwenye kona ambako oili huwa imetulia, palikuwa na utando mweusi, na ndani ya utando huo vipande vidogo vya rangi ya kahawia inayokaribia chungwa. Nikachota kwa kidole. Vilikuwa vidogo kama ufuta, vyepesi, havikumeta kwa hiyo si chuma. Nikivibonyeza kwa ukucha vinapasuka. Plastiki.

Kwenye injini hizi za kabla ya 2007 kuna minyororo miwili midogo inayozungusha kamshafti, yaani shafti zinazofungua valvu, na kila mnyororo unakazwa na kiatu cha plastiki kinachosukumwa na springi. Kiatu hicho kimewekwa kulika badala ya mnyororo, na kina umri wake. Pikipiki yangu ilikuwa imepita maili 61,000 na kwenye makaratasi niliyorithi hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba viatu vimewahi kubadilishwa. Nilikuwa nimesoma habari zake, nikasema nitaangalia siku moja.

Nikampigia mzee simu usiku uleule. Hakunisuta. Aliniambia nisiguse kitu, niilete. Tulipofungua kifuniko cha kamshafti, kiatu cha nje kilikuwa kimechimbwa mfereji katikati, na upande mmoja umemeguka. Cha ndani, ambacho huwezi kukifikia mpaka ung'oe sahani ya kamshafti, kilikuwa kibaya zaidi. Vipande vile vingeendelea kwenda kwenye pampu ya oili, na pampu ikikwama injini haina pa kushika. Kazi ya viatu ilinichukulia wiki mbili na dola zaidi ya zile za sampu, na kila dola naiona ilikwenda mahali pake. Nilikwenda kutafuta nyuzi chache za ubaridi, nikakuta injini yangu iko karibu kufa.

Kurudisha sampu kulikuwa na usumbufu mmoja wa kijinga: duka la mtandaoni lilikuwa limenitumia gasketi ya pikipiki za miaka ya baadaye, matundu hayalingani. Siku sita nyingine za kungoja. Katika siku hizo nilikwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu, kamwe si kisu, maana alumini ikikwaruzwa hapo oili itapata njia. Halafu kuna ujanja ambao ningependa kila anayefanya kazi hii peke yake aujue. Nilichukua boliti mbili ndefu, nikazikata vichwa, nikazifunga kwa vidole kwenye kona mbili za mkabala. Gasketi ikaning'inia juu yake bila kuhama, sampu ikapanda ikifuata vipini hivyo, nami nikabaki na mikono miwili ya kufunga boliti nyingine. Zote nilizikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka Nm 11 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ni kidogo sana. Mkono wenyewe unakuomba uongeze, usiusikilize; ile kona ya nyuma imeshanifundisha.

Kwa mazoea nilikuwa nimenunua chupa nne za oili, kila moja chini kidogo ya lita. Ikanibidi nirudi dukani kwa ya tano. Kabla ya kuwasha nilitoa plagi za moto zote mbili, nikabonyeza starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika, ili beringi zisianze kazi zikiwa kavu.

Nilisubiri hadi Julai 2024 ndipo nikapime, kwa sababu kulinganisha Novemba na Julai kungekuwa kujidanganya. Daftari lilelile, barabara zilezile, nje 41. Tambarare: 107, badala ya 116. Mlima wa I-17: 121, badala ya 131. Hizo ni nyuzi tisa na kumi, na nikisimama juu ya mlima tapeti zilinyamaza. Foleni ni habari nyingine. Zamani ilichukua dakika 20 kufika 120. Sasa inachukua 34. Lakini ukiendelea kusimama inapanda tu, mpaka 132, karibu palepale. Lita ya ziada inakupa muda, mapezi yanakupa ubaridi wakati upepo unapita. Pasipo upepo, mapezi ni mapambo. Anayeishi kwenye foleni anunue feni kwanza.

Na mguu wa mke wangu? Sampu haikuusaidia. Joto lile lilikuwa linatoka kwenye silinda ya nyuma na bomba la ekzosi, na lilitibiwa na bati la kinga la dola 60 ambalo ningeweza kulifunga siku ileile aliyoungua. Nilimwambia hivyo, na nikamwomba radhi kwa kumchelewesha mwaka mzima huku nikihangaika na upande wa oili.

Kuna gharama mbili nyingine za kuzijua. Sampu mpya imeshuka chini zaidi, na mara ya kwanza tulipopita kwenye tuta tukiwa wawili na mizigo, mapezi yaligusa lami. Nikaongeza upepo kwenye shokabzoba za nyuma na sasa pikipiki inapita. Ya pili ni baridi. Januari, kwa safari yangu ya dakika 20 kwenda kazini alfajiri, oili inafika 70 tu, na nilikuta chini ya kifuniko cha kijiti povu la rangi ya chai ya maziwa, maji yaliyokosa joto la kuyafukuza. Tangu hapo kila Jumamosi ya msimu wa baridi naipeleka mbali, angalau saa nzima, hata kama sina safari.

Agosti tulikwenda Flagstaff pamoja, mimi na Mama Zuhura. Tulisimama Sunset Point, pale juu ambapo bonde lote linaonekana, kunywa maji. Nikazima injini, na kabla sijavua glavu yeye alikuwa ameshainama pembeni ya injini anasoma saa ya kijiti.

"Mia na ishirini na moja," akasema. "Kuna pa kuandika?"

Nikampa daftari.