Namna nilivyofaulu kuona insulini ndani ya seli, Bukavu

Vijifuko vya insulini katika seli za beta, zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, vina upana wa nanomita 300 hivi. Darubini ya mwanga, hata kwa lenzi ya mafuta ya 100×, inakaribia kugota hapo. Kwa hiyo sikutafuta kijifuko kimoja kimoja, nilitafuta vumbi lao limelala wapi.

Kongosho hujimeng'enya lenyewe upesi. Nilikata upande wa bandama wa panya mweupe, vipande vya milimita 3, vikaingia kwenye Bouin, dawa ya kuhifadhi seli zisioze, kabla ya dakika 5 kwisha: maji yaliyoshiba asidi ya pikriki mililita 75, fomalini 25, asidi asetiki 5. Saa 24, kisha alkoholi ya 70% hadi umanjano ufifie. Pikriki isikauke kwenye mfuniko. Ikikauka inaweza kulipuka.

Umeme ulikatika parafini, nta ya kushikilia vipande, ikiwa bado inapenya, ikaganda katikati, na mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba, ikachana kila kipande. Sasa kikopo cha parafini hukaa ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula, jiko la makaa, nyuzi 58 hadi 60, kipimajoto kikiwa humo. Zaileni, kiyeyusho cha parafini, na alkoholi hushika moto upesi, ziwe chumba kingine kabisa. Nakata mikromita 4.

Rangi ni aldehidi-fuksini ya Gomori: pararosanilini gramu 0.5, alkoholi ya 70% mililita 100, asidi hidrokloriki kali mililita 1, paraldehidi mililita 1. Paraldehidi iwe mpya, ya zamani huharibu yote. Kwa baridi ya Bukavu iliiva siku ya tatu. Tone kwenye karatasi ya chujio likatoka zambarau, bila wekundu.

Kwanza, ili insulini iweze kushika rangi, pamanganeti ya potasiamu 0.5% yenye asidi ya sulfuriki kidogo, dakika 2, kisha asidi ya oksaliki 2% hadi kipande kiwe cheupe. Rangi dakika 20, suuza kwa alkoholi ya 95%.

Kabla ya kuhukumu kisiwa cha Langerhans, kile kifungu cha seli za beta na wenzake ndani ya kongosho, tazama ateri iliyo karibu. Nyuzi zake za elastini, zile zinazonyumbuka, hushika rangi hii hata bila pamanganeti. Ateri ikipauka, rangi yenyewe imekufa. Ateri ikiwa zambarau na kisiwa kimepauka, shuku pamanganeti, au kongosho lililochelewa, au seli zilizokwisha kumwaga insulini yake. Mara yangu ya kwanza ilikuwa pamanganeti.

Iliponyooka, katikati ya kisiwa palijaa zambarau, ukingoni seli za alfa, zisizo na insulini, zikabaki tupu. Ndani ya kila seli ya beta kiini kilikuwa duara jeupe, na vumbi lilikuwa zito zaidi upande wa kapilari.