Programu ya bakapu kati ya diski mbili: anza na isiyofuta

Mwenye studio ya video za harusi Mwanjelwa na karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi wana shida moja: kazi iko kwenye laptopu, diski ya nje ipo, lakini kunakili kunasubiri mtu akumbuke. Kwa watu hawa ninapendekeza FreeFileSync. Ni ya bure kwa matumizi binafsi (kwa kazi ya biashara soma kwanza masharti ya leseni yake), ipo kwa Windows, macOS na Linux, na nakala inayotengeneza ni faili za kawaida. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Zipo programu zinazofungasha kila kitu ndani ya faili moja la muundo wake. Laptopu ikifa, huoni kazi yako mpaka upate programu ileile. Nakala ya kawaida unaichomeka kwenye kompyuta yoyote na unaendelea na kazi.

Sehemu ya kuwa makini ni aina ya unakili. "Mirror" hufanya diski ya pili ifanane kabisa na ya kwanza, pamoja na kufuta. Ukifuta folda ya hesabu kimakosa asubuhi, ratiba ikifika mchana nakala nayo inaondoka. Amri ya kunakili ya robocopy iliyomo ndani ya Windows ina hatari hiyohiyo ukiweka /MIR. Chagua "Update": inapeleka faili mpya na zilizobadilika, haifuti kitu. Gharama yake ni kwamba faili ulilobadilisha jina litakaa mara mbili, kwa hiyo diski inajaa mapema. Ni gharama inayovumilika.

Kuiandaa: kushoto weka folda ya kazi, kulia folda ya diski ya nje. Bofya "Compare", fungua mipangilio ya kusawazisha, weka "Update", kisha kwenye faili zinazofutwa au kuandikwa upya chagua "Versioning" na uipe folda yake kwenye diski ya nje. Hapo Excel ya leo ikiharibika na kunakiliwa, ile ya jana bado ipo. Hifadhi yote kama "batch job", yaani faili la kazi linaloweza kuendeshwa lenyewe kwa ratiba.

Usiandike njia ya diski kwa herufi. Leo ni E, kesho flashi ya mteja imetangulia na diski yako imekuwa F, kazi inashindwa. Ipe diski jina, tuseme NAKALA, kisha andika [NAKALA]\Studio. Programu itaitafuta kwa jina.

Ratiba ya kuendesha "batch job" hiyo inawekwa kwenye Task Scheduler ya Windows, na hapa ndipo wengi wanakwama bila kujua. Kwa kawaida kazi mpya huwekewa sharti la kuanza pale tu laptopu inapopata umeme wa ukutani. Umeme ukiwa umekatika muda huo, hakuna kinachonakiliwa. Ondoa tiki hiyo kwenye "Conditions". Kisha kwenye "Settings" weka tiki ya kuendesha kazi mapema iwezekanavyo iwapo muda wake umepita, ili kompyuta iliyokuwa imezimwa ifidie ikiwashwa.

Diski yenyewe, muundo wake wa kupanga faili (format) uwe NTFS kama unatumia Windows tu. FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, na video moja ya harusi inavuka hapo kirahisi. exFAT inapokea, lakini haina kumbukumbu ya mabadiliko kama NTFS, hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika inaharibika kwa urahisi zaidi. Kubadilisha muundo kunafuta vilivyomo, hamisha kwanza.

Nakala ya kwanza ni ndefu. GB 200 kupitia USB 2.0, kwa kasi ya takriban MB 30 kwa sekunde, ni karibu saa mbili. Baada ya hapo zinapita zilizobadilika tu.

Diski inayobaki imechomekwa haikulindi na virusi vinavyofunga faili, wala na radi za masika. Ukiweza, nunua mbili, zipe jina moja, uzipokezane kila Jumamosi, moja ikalale nyumbani. Usizichomeke zote kwa pamoja. Na kila mwezi chagua faili tatu kutoka kwenye nakala, moja ya zamani, moja ya wiki hii na video moja kubwa, uzifungue kwenye kompyuta nyingine mpaka mwisho.