Ĩ na Ũ zimerudi mahali pake

Jamani, leo nimefurahi! Fonti ya zamani tuliyochapia nyimbo za Kikuyu ilikuwa imechora ĩ kwenye nafasi ya [ na ũ kwenye ya ]. Ukibadilisha fonti tu, "mũtĩ" inageuka "m]t[". Inaumiza kuona lugha ya mama hivyo.

Nikaandika faili la usimbaji, yaani orodha ya nafasi ipi ni ya herufi ipi, nikalipakia FontForge, programu ya kuhariri fonti: 0x5B 0x0129 (nafasi ya [ iwe ĩ), 0x5D 0x0169 (nafasi ya ] iwe ũ). Kwanza nilitumia amri ya Reencode. Herufi zangu zikasukumwa mwisho wa jedwali la fonti, bado zinaitwa mabano. Nikarudisha nyuma, nikatumia Force Encoding. Hiyo ndiyo huipa herufi namba ya Yunikodi (mfumo unaoipa kila herufi namba yake) ya nafasi ilipokaa.

Kisha nikabadilisha mabano yote kwenye nyimbo yawe ĩ na ũ. Asubuhi mama amezisoma kwenye simu yake, mstari kwa mstari, akaanza kuimba.