Siku moja maishani mwangu: meza ya riwaya za upelelezi za mitumba

Saa 11 alfajiri

Kazi inaanzia kwenye friza. Vitabu vya wiki iliyopita vimekaa humo siku saba, ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Baridi inaua wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi ya mgongo, pamoja na mayai yao. Siku moja haitoshi, maana friza ya nyumbani inafunguliwa mara kwa mara na baridi inapanda na kushuka. Chombo kikitolewa, kinaachwa kimefungwa mpaka kesho yake. Ukikifungua kikiwa bado cha baridi, hewa ya Dar es Salaam na unyevu wake itaangusha matone kwenye kurasa, na ukungu hautakawia.

Saa 1 asubuhi

Kiroba cha leo kimetoka kwa familia inayohama. Hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea, kwa hiyo hapa hapakimbiliwi.

Riwaya ya mapenzi ikipungukiwa karatasi mbili, msomaji ataunganisha mwenyewe. Riwaya ya upelelezi ikikosa karatasi ya mwisho, thamani yake ni ya kufungia karanga. Ndiyo maana ukaguzi unaanzia nyuma. Fungua ukurasa wa mwisho, usome mistari mitatu, uone kama inafunga. Usidanganywe na neno linaloonekana kama tamati. Mfano mzuri ni And Then There Were None ya Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, ya mwaka 1939, ambayo matoleo fulani ya Marekani yaliiita Ten Little Indians. Baada ya sura za kisiwani kuna mazungumzo ya polisi ambao hawajui nani kaua. Jibu liko kwenye hati inayofuata baada ya hapo. Nakala iliyopoteza karatasi hizo inasomeka kama kitabu kilichokwisha, na mteja atarudi kukuambia mwandishi alishindwa kumaliza hadithi.

Nakala ya leo ina hitilafu hiyo hiyo: hati inakatika katikati ya sentensi. Kabla ya kuitupa, kiroba kinamwagwa chote kwenye mkeka. Karatasi zinazochomoka huwa zinateremka chini kabisa, pamoja na risiti na tiketi za basi. Karatasi ya mwisho imepatikana ndani ya kitabu cha mapishi. Inawekwa pembeni hadi jioni.

Hatua ya pili ni kukagua maungio. Vitabu vingi vimefungwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na kosa la kiwandani ni fungu moja kuingizwa mara mbili huku jingine likiachwa. Unakuta ukurasa wa 48 unafuatwa na wa 33, halafu baadaye unaruka kutoka 48 hadi 65. Huna haja ya kuhesabu kurasa zote. Tazama 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo hadi mwisho. Dakika moja inatosha kwa kitabu kimoja.

Hatua ya tatu ni kalamu. Wapo wasomaji wanaopigia mstari jina la muuaji kwenye ukurasa wa tatu, pengine na alama ya mshangao. Penseli inafutika kwa ufutio laini, ukifuta kuelekea upande mmoja tu ili karatasi isikunjamane. Wino wa kalamu haufutiki, ukisugua unatoboa. Kitabu hicho kinauzwa nusu bei na mteja anaambiwa kabla hajalipa. Kumficha mtu jambo hilo ni kumwibia kitabu kizima.

Saa 3 asubuhi

Meza iko Posta. Migongo ya vitabu inatazamishwa upande usio na jua, kwa sababu rangi nyekundu ya jalada ndiyo inayopauka mapema, na majalada ya upelelezi yamejaa nyekundu. Turubai linakuwa karibu: mvua za vuli hazipigi hodi.

Saa 5 asubuhi

“Kaka, nitafutie upelelezi mzuri wa Kiswahili.”

“Wa kufikiri au wa kukimbizana, dada?”

Swali hilo linaokoa muda, kwani chini ya jina moja kuna vitabu vya aina mbili. Wa kufikiri anapewa hadithi za mpelelezi Bwana Msa, za Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Bwana Msa anavuta kiko, anasikiliza, na anafumbua fumbo kwa kufikiri. Anayeipenda aendelee na Kisima cha Giningi ya 1968. Kati yao na wale wa mbio inakaa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, na Inspekta Wingo wake: hapo mtu amehama kutoka mawazo ya kisiwani hadi polisi wa mjini.

Wa kukimbizana anapewa Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya 1974. Jasusi Willy Gamba anaondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi kufuata nyaraka zilizoibwa za wapigania uhuru, na hapo huulizi nani kafanya. Unauliza kama atatoka salama. Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, yuko upande huo huo, ila ana maneno mengi zaidi mdomoni. Ukimpa mpenzi wa Bwana Msa kitabu cha Gamba bila kumwambia, ataona kinapiga kelele. Ukifanya kinyume chake, atasinzia ukurasa wa kumi.

Saa 7 mchana

Chakula. Meza inafunikwa kanga kuukuu. Plastiki ikifunika vitabu juani inafuga mvuke na majalada yanajikunja.

Saa 8 mchana

Vitabu vya Kiingereza vinapangwa kwa jina la mwandishi, kisha kila kimoja kinafunguliwa ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Humo mnatajwa mwaka wa kwanza na mara nyingi jina la zamani. Christie alichapishwa Marekani kwa majina tofauti: Lord Edgware Dies ndiyo Thirteen at Dinner, Death in the Clouds ndiyo Death in the Air, na 4.50 from Paddington ndiyo What Mrs. McGillicuddy Saw! Mteja anayenunua yote mawili amenunua kitabu kimoja mara mbili. Jihadhari pia na matoleo yaliyofupishwa kwa wanaojifunza Kiingereza. Ni membamba na yametajwa kiwango cha lugha kwenye jalada. Dalili nyingi zimeondolewa humo, na fumbo bila dalili ni tangazo tu.

Saa 10 jioni

Matengenezo. Riwaya nyembamba za zamani zimebanwa pini mbili kwenye mkunjo, na pini za pwani zinaota kutu hadi zinakata karatasi. Nyoosha miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, uivute moja kwa moja bila kuipindisha. Kutu ipigwe brashi kavu. Ndimu isiguse: asidi yake inakula karatasi polepole.

Kisha uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa, urefu wake mara mbili na nusu ya kimo cha kitabu. Matundu matatu: juu, katikati, chini. Ingiza sindano katikati kutoka ndani, toka nje, ingia tundu la juu, shuka kwa ndani ukilipita la katikati, tokea chini, kisha rudi ndani kwa katikati. Ncha mbili zifungwe zikiukumbatia uzi mrefu wa ndani. Ukiukaza sana unachana mkunjo.

Sasa ile karatasi ya Christie. Gundi nyeupe ya seremala, ukanda wa milimita 2 ukingoni, kwa brashi iliyokaribia kukauka. Ikizidi inavujia ukurasa jirani na kung'oa maneno. Selotepu inageuka njano, na gundi ya papo hapo inakauka kama kioo halafu inapasuka kitabu kikifunguliwa.

Saa 2 usiku

Daftari la mwaka. Katika riwaya za mitumba zilizosomwa tangu Januari, tatu hazirudi mezani: Mzimu wa Watu wa Kale, Kufa na Kupona na The Murder of Roger Ackroyd ya Christie, ya 1926. Hiyo ya tatu isomwe mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza unamfuata msimulizi. Mara ya pili sentensi zile zile zinasema jambo jingine, na hakuna hata moja iliyodanganya. Nakala yake ikikosa karatasi moja ya katikati, usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

And Then There Were None imelala chini ya matofali mawili yaliyofungwa karatasi ya kaki, kipande cha plastiki kila upande wa karatasi iliyobandikwa. Haiguswi hadi saa 2 asubuhi.