Ziara ya Kisumu: vita vilipofika bomani

Walimu wengi wakitafuta ziara ya Vita vya Pili vya Dunia huwaza bunduki na mizinga. Huku kwetu Nyanza na Magharibi, waliobaki nyumbani walivijua vita kwa jembe, gunia la mahindi na kipande, yaani cheti cha kazi alichovaa Mwafrika shingoni. Mambo hayo yanaingia katika siku moja Kisumu.

Anzeni Makumbusho ya Kisumu mapema, jua halijawa kali. Humo mna Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi: nyumba za wake, ya mwana mkubwa, maghala na zizi. Wanafunzi wasizunguke tu. Waambieni wawaze boma hili limeondokewa na wanaume wawili: mmoja amekuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la kikoloni, mwingine amechukuliwa kwa nguvu kwenda kulimia mlowezi, maana tangu 1942 sheria iliruhusu hivyo. Nani sasa atalima, atachunga, ataezeka? Kisha waongezeeni jambo la bei: mahindi ya mlowezi yalinunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya Mwafrika. Na mwaka 1943 njaa ikabisha hodi.

Baada ya hapo, wasage. Njooni na mawe yenu, msiguse ya makumbusho. Gorogoro moja ya mtama inatosha wanafunzi wanane. Uanikeni siku mbili kabla, kwa sababu wenye unyevu hugandama juu ya jiwe na kuwa kama ugali mbichi. Jiweni wekeni konzi moja tu. Ukizidisha, punje zinaruka nje. Msagaji apige magoti, ashike jiwe dogo kwa mikono miwili, asukume kwa uzito wa mwili. Anayetegemea mabega hachukui muda kabla hajasimama kujinyoosha. Unga ukitoka chenga, unarudi jiweni. Shikeni saa, kisha wapige hesabu ya boma la watu kumi, kila siku, pamoja na maji, kuni na palizi.

Kipande kitengenezeni shuleni: kadi ngumu iliyokunjwa, ndani ya kikopo cha bati chenye kamba ya shingoni. Kiwe na jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa. Wanafunzi watatu waachieni tarehe ya mwisho wazi, na mwenzao wa mlangoni awazuie kutoka. Asiyetiwa sahihi ya kuachishwa angeweza kukamatwa kama mtoro. Wanafunzi huelewa hapo hapo, kabla mwalimu hajasema neno.

Bandarini na stesheni ya reli pitieni kwa muda mfupi, mkiwa na ruhusa ya maandishi iliyoombwa mapema. Waonyesheni maji tu: Italia ilipoingia vitani Juni 1940 na njia ya Mediterania kufungwa, ndege za kutua majini zilizosafiri kati ya Durban na Sydney zilipitia hapa.

Alasiri iwe ya wazee. Walio hai leo walikuwa watoto, kwa hiyo msiwaulize mwaka. Ulizeni mahindi yalipoisha walikula nini, barua ya keya ilisomwa na nani, blanketi lake lilimfunika nani. Waacheni waseme Dholuo au Kiluhya, tafsiri ifanywe baadaye. Na simu ya kurekodia iwekeni karibu na mdomo, chini ya mti, si chini ya mabati: mvua ya saa kumi ya Kisumu ikianza kupiga paa, hamtasikia hata neno moja.