Vibua wa Feri: kumbukumbu ya bodi nne za kwanza

Nimeanza mradi wa picha nane kuhusu mnada wa asubuhi katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Idadi hiyo imetokana na ubao wenyewe, kwa kuwa karatasi moja ya hadibodi yenye futi 4 kwa 8 hutoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2 bila kubakiza kitu. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru na kuanza kuchora hapa jijini mnamo mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi za enameli za kopo, na wengi waliomfuata baada ya kifo chake mwaka 1972 wameendelea na ubao wa mraba na rangi hizo hizo. Mimi huandika mabango ya maduka kila siku kuanzia adhuhuri, na kwa kuwa enameli ndiyo rangi ambayo mkono wangu umeizoea, sikuona sababu ya kutafuta nyingine.

6 Aprili

Nimekata bodi zote nane, nikazipiga msasa, kisha nikazipaka rangi ya kwanza pande zote mbili pamoja na kingo. Kingo ndizo hunywa unyevu kwanza wakati huu wa masika, na bodi ikishavimba pembeni hairudi tena kama ilivyokuwa.

9 Aprili

Nimevuka kutoka Kigamboni kwa pantoni kabla jua halijachomoza, nikasimama nyuma ya wanunuzi nikiwa na kijitabu na penseli. Nilimwomba dalali ruhusa ya kuchora, naye akaniruhusu kwa sharti moja, kwamba nisizuie njia ya wabeba mabeseni. Fungu moja la samaki huuzwa kwa muda mfupi mno kiasi kwamba haiwezekani kumchora mtu mzima kabla hajaondoka, hivyo nimejifunza kuchukua kitu kimoja tu kwa kila mtu: mkono ulionyooshwa, shingo iliyoinama, au namna kitambaa kinavyosokotwa kuwa ngata. Nikirudi nyumbani naviunganisha vipande hivyo kuwa umati. Katika kazi hii namfikiria sana Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, ambaye alichora watu wa kwao wakiwa kazini. Katika picha zake kazi ya pamoja ndiyo inayoonekana kwanza, kabla ya sura ya mtu yeyote, na umati wangu nautaka uwe hivyo.

17 Aprili

Bodi ya kwanza imekamilika, nami sikuridhika nayo. Watu wamekaa vizuri, lakini samaki ndani ya beseni wanafanana na vipande vya bati. Niliwapaka kijivu nilichokipata kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe, kama ninavyofanya ninapoandika kivuli cha herufi kwenye bango.

Niliipeleka bodi hiyo sokoni na kumwonyesha mama mmoja anayekaanga samaki, ambaye huniruhusu kuketi karibu na jiko lake. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea bodi kwa mikono miwili na kuitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, watu umewapatia. Ila hawa samaki wako wamelala.” Alikuwa na maana ile ile ya wali uliolala, yaani si wa leo. Akachukua kibua mmoja kutoka kwenye ndoo yake, akafunua shavu ili nione wekundu wa ndani, akanionyesha jicho lililotuna na kung’aa, halafu akamgeuza polepole karibu na khanga yake ya njano. Ubavu wote wa samaki ukaingia unjano. Alipomsogeza kwenye beseni la bluu, ubavu ule ule ukawa bluu.

Tangu asubuhi hiyo mradi wangu umebadilika. Nilikuwa nikidhani fedha ya kibua ni rangi yake mwenyewe, kumbe ubavu wake hufanya kazi kama kioo na hupokea chochote kilicho jirani. Kilicho chake hasa ni mgongo wa kijani kilichoiva, mistari myembamba inayokwenda kuelekea mkia, na doa jeusi karibu na pezi la ubavuni.

2 Mei

Bodi ya pili niliianza kwa kupaka beseni na nguo za wanunuzi kwanza, samaki nikawaacha weupe mtupu hadi mwisho. Baada ya hapo nilichukua rangi kidogo kutoka kila kitu kinachowazunguka, nikailainisha kwa tepentaini na kuipitisha juu ya weupe huo kwa brashi namba mbili. Kijivu hakikuingia kabisa. Vibua watatu kati ya kumi na mmoja wametoka kama nilivyowaona sokoni, nao nimewafurahia kuliko bango lolote nililowahi kuandika.

Bodi ya tatu imeharibika. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, chumba kikawa na unyevu, nami kwa haraka nikapaka tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka hadi ndani. Kufikia asubuhi uso wote ulikuwa umejikunja kama maziwa yaliyoganda juu ya chai. Imenibidi kuikwangua hadi kwenye ubao. Sasa nasubiri siku mbili kamili kati ya tabaka na tabaka, na mvua ikinyesha nasubiri tatu.

15 Mei

Wiki hii vibua walikuwa haba sokoni. Wavuvi wanaotumia taa huwafuata samaki hawa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kali mwanga wa taa hauwavuti, na wengi hupumzisha vyombo vyao hadi mwezi upungue. Nimetumia siku hizo kuchora meza tupu za mnada zikioshwa, maji yakitiririka sakafuni, na magamba yaliyobaki kwenye saruji, kila gamba likiwa na nukta yake ya mwanga.

24 Mei

Bodi ya nne inaendelea. Nimeamua kwamba kibua mmoja awe mbele, mkubwa kuliko kichwa cha dalali, na umati wote uonekane ubavuni mwake kama rangi tu: njano, bluu, na wekundu wa fulana ya mbeba mizigo. Jicho lake nimelirudia mara tano. Leo nimeipeleka kwa mama wa jikoni, rangi ikiwa bado inanata. Aliitazama, akamsogeza kibua wa kweli karibu na wangu, akasema, “Huyu wa leo. Ila shavu bado.”

Nimenunua kopo dogo la nyekundu. Mwezi umeshapungua, na kesho navuka kwa pantoni ya kwanza.