Babu hakusema hivyo

Jana jioni matatu imekwama Kengeleni, hapa Mombasa, nikabaki naiangalia ile kengele ya Freretown, nikakumbuka Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, kitabu cha 1934. Wengine wanakiita riwaya ya kwanza ya Kiswahili, wengine wanasema hiyo ni historia tu, mambo ya watumwa waliokombolewa wakawekwa hapa hapa na wamishenari, na babake mwandishi alikuwa mmoja wao. Zamani ubishi huo nilikuwa nauona ni wa walimu wa fasihi. Siku hizi unanikosesha usingizi.

Sababu naandika habari za babu. Alikuwa kuli bandarini, na Januari 1947 mji ulipogoma naye aligoma, akawa anaenda mikutanoni Kiwanja cha Maskini. Hayo tunayajua. Sasa mimi nikaandika usiku mmoja anarudi amelowa mvua, anamshika nyanya mkono, anamwambia maneno mazito ya haki na heshima, nusu ukurasa mzima, na kusema kweli niliyapenda sana.

Jumapili nikampa shangazi simu asome. Alikuwa anachambua mchele, akafuta mikono kwenye leso, akasoma simu ameisogeza mbali na macho. "Haya nani kakwambia?" Nikanyamaza. "Baba hakuwa mtu wa maneno, mwanangu. Akirudi kazini alikuwa anasimama tu pale mlangoni mpaka mama amuangalie, ndio aingie." Halafu, "Na hiyo mvua umeitoa wapi, Januari, kaskazi lote lile?"

Iliniuma jamani. Mvua ningeitoa dakika moja, lakini yule mzee anayehutubia mkewe alikuwa mimi, si babu. Kubuni sina shida nako, mahali ambapo hakuna anayekumbuka utaandika nini, ila hapa kulikuwa na kimya cha babu, kitu chake kabisa, nami nikakifukia kwa maneno yangu. Nimeyatoa yote. Sasa anasimama mlangoni.

Lakini shangazi naye kazaliwa 1953, usiku ule hakuwepo. Nilipomuuliza usiku huo nyanya alivaa nini akafikiria weee, mkono umesimama kwenye uteo, akasema hajui. Nimeshaaga niko nje akaniita: "Andika leso nyekundu. Mama alipenda nyekundu."

Nimeandika nyekundu.